Dau Dogo, Mikono Miwili: Namna ya Kusafiri Peke Yako kwa Tanga Kutoka Shela Hadi Kipungani

Mwongozo huu wa safari ya Jumamosi na Jumapili kati ya Shela na Kipungani, vijiji vya kisiwa cha Lamu, nimemwandikia mtu ambaye amekwisha kushika usukani akiwa na wenzake, anayejua kutweka tanga na kulitua, lakini hajawahi kulala safarini akiwa peke yake chomboni. Dau ninalolitumia lina urefu wa futi 15 na tanga moja la pembe tatu. Unapokuwa peke yako ndani ya chombo cha namna hiyo, mkono mmoja hushika kana ya usukani na wa pili hushika demani, yaani kamba ya kuvutia na kulegezea tanga, na mkono wa tatu haupo. Kwa hiyo kila kazi inayohitaji mkono wa tatu, hata kama ni kufungua chupa ya maji, lazima iwe imefanywa kabla ya kung'oa nanga au isubiri mpaka utakapotia nanga tena.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kutazama mwezi

Watu wengi huchagua wikendi kwa kuangalia nafasi zao za kazi, kisha hushangaa dau linapokaa juu ya tope mbele ya mikoko kwa saa nne. Kwetu Lamu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kabisa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Safari hii inahitaji maji yanayoanza kujaa alfajiri na kufika kilele karibu na adhuhuri, na ukihesabu utaona kwamba hali hiyo hupatikana karibu na tarehe 9 au 10, na tena 24 au 25, za mwezi wa Kiislamu. Hakikisha kwa jedwali la maji, kwa kuwa hesabu ya kichwani huweza kupotoka kwa saa nzima. Faida nyingine ya siku hizo ni kwamba maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, yamepita karibuni, hivyo mkondo hauna nguvu kama ule wa bamvua.

Kuhusu upepo, mimi hupendelea tangambili, hasa Oktoba na Novemba, wakati kusi, upepo wa kusini, imechoka na kaskazi, upepo wa kaskazini, haijashika. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, na sioni fahari yoyote ya kutoka peke yako katika miezi hiyo. Kaskazi ikishika, njia ya Kipungani hubadilika tabia: utakwenda ukisukumwa na utarudi ukipigana na upepo siku ya Jumapili umechoka, jambo ambalo simshauri mgeni wa safari hizi alifanye.

Hatua ya 2: Pakia Ijumaa jioni

Farumi, yaani uzito wa kulituliza dau, ndiyo mwenzako atakayekaa upande wa juu wa upepo badala ya binadamu. Chukua mifuko sita ya mchanga, kila mmoja wa kilo 10 hivi. Usiijaze ikawa mizito, kwa sababu itakubidi uihamishe kwa mkono mmoja, na siku ya shida uweze kuitupa baharini. Usiifunge kwenye mbao.

Kila kitu kingine kifungwe. Upo wa kutolea maji ya ngama, yaani maji yanayokusanyika chini ndani ya dau, uwe na kamba yake, kafi na pondo (mti mrefu wa kusukumia dau) vilazwe pale mkono unapofika bila kuinuka, na simu iwekwe ndani ya mfuko usiopenya maji. Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja: tende, mkate wa mofa, samaki wa kukaanga. Maji ya kunywa yasipungue lita 10. Mwachie mtu mmoja wa Shela maelezo ya njia utakayopita na saa ambayo, usipoonekana, atatakiwa aanze kuuliza.

Jaketi la kuokolea livaliwe tangu ufuoni. Funga pia kamba ya mita 10 kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo, yenye boya dogo mwishoni, uiburure nyuma ya dau muda wote wa safari. Ukianguka majini, dau halitakusubiri, na kamba hiyo ndiyo itakayokupa nafasi ya pili.

Hatua ya 3: Toka Shela kiasi cha saa mbili asubuhi

Maji yanayojaa huingia kutoka bahari kuu, yakapita Shela na kuelekea mjini, na kusi nayo huwa nyuma yako. Tweka tanga omo, yaani sehemu ya mbele ya dau, ukiwa umeuelekeza kwenye upepo na nanga ingali chini, kaza henza, kamba ya kutwekea tanga, kisha ndipo uing'oe. Mbele ya mji punguza mwendo na ukae macho, kwa maana boti za mashine zinazokwenda uwanja wa ndege wa Manda na zinazotoka Mokowe hukata njia yako kwa kasi, na mawimbi yake hupiga ubavuni.

Hapa ndipo pa kueleza jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Demani usiifunge kamwe. Izungushe mara moja kwenye kishikizo ili kupunguza uzito, lakini ncha yake ibaki mkononi. Mwaka fulani, karibu na mikoko ya kaskazini ya kisiwa, nilipiga fundo moja tu ili niweze kumenya chungwa. Upepo ulitoka nyuma ya miti bila dalili, ukingo wa dau ukashuka chini ya maji, na fundo lile likakaza kiasi kwamba vidole havikuweza kulifungua. Nililikata kwa kisu cha chungwa. Niliteka maji kwa upo karibu nusu saa, huku tende zikielea miguuni, na tangu siku hiyo kisu huning'inia shingoni.

Hatua ya 4: Matondoni, kisha kupanda upepo

Ukilipita pembe la kaskazini la kisiwa, upepo utakuja ubavuni kushoto, nao ndio mwendo mtamu kuliko yote. Sogeza mifuko minne upande huo na uketi juu yake. Matondoni panajulikana kwa ujenzi wa majahazi, na mafundi watakuuliza, "Mwanangu, wenzako wako wapi?" Wajibu kwa adabu, kisha uwaulize hali ya kina huko mbele, kwani mchanga huhama.

Baada ya hapo utabisha, yaani utapanda upepo kwa mikato, ukienda mshazari huku na huku. Usijaribu kupitisha omo kwenye upepo, kwa kuwa tanga litabanwa na mlingoti na dau litasimama. Geuza kwa kuzungusha tezi: acha nafasi ya kutosha, achia demani yote, simamisha foromali, boriti linalobeba tanga, wima, ipitishe pamoja na tanga mbele ya mlingoti, kisha vuta demani upande wa pili. Kabla ya yote hayo rudisha mifuko katikati. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa nahodha ni mmoja, na hata akikosea hana wa kumlaumu.

Hatua ya 5: Kulala

Ukifika Kipungani, tia nanga kwenye mchanga, mbali na tope la mikoko ambalo huwezi kulikanyaga maji yakipwa. Ikiwa kina ni mita 2 wakati wa kupwa na maji yatapanda mita 2 zaidi, hesabu kina cha juu, mita 4, na uachie amari, yaani kamba ya nanga, mara tano yake, yaani mita 20. Fanya yote kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwani huku karibu na ikweta giza halibishi hodi. Tua tanga, lizungushe kwenye foromali, nalo litakuwa hema lako. Usiku huo utasikia mkondo ukigeuka: maji yanayopiga mbao hunyamaza kwa muda, kisha huanza tena kutoka upande mwingine.

Hatua ya 6: Kurudi

Jumapili usiharakishe. Ng'oa nanga kiasi cha saa nne, wakati maji yanayoingia kwa mlango wa bahari wa Kipungani yanapoelekea Matondoni, na kusi iko nyuma yako. Subiri Matondoni mpaka maji yageuke, kiasi cha saa saba, kisha yakurudishe mjini. Mkato wa mwisho, kati ya mji na Shela, ndio mgumu: upepo unapanda kutoka baharini, maji yanashuka kuelekea baharini, na baina yao hupandishwa mawimbi mafupi yanayomwagika ndani. Ukiona ngama inajaa haraka kuliko unavyoteka, tua tanga, shika kafi, ukae karibu na ufuo wa Lamu, na uache mkondo ukufikishe Shela polepole.