Kufuatilia maji ya skimu ya mpunga kwa picha za setilaiti

Kwenye skimu za mpunga kama Lower Moshi, kusini mwa mji wa Moshi, malalamiko huwa yaleyale: walio karibu na banio (mahali maji ya mto yanapoingizwa mferejini) wana maji hadi yanapita kwenye matuta, walio mkiani wanahesabu siku. Picha za setilaiti zinaonyesha skimu nzima kwa mara moja, na zipo bure. Unahitaji kompyuta, bando, na mtu anayeijua mifereji yote kwa miguu.

Hatua ya 1: Chora mipaka. Hapa usiwe na haraka. Tembea na simu yenye programu ya ramani, rekodi pembe za kila kitalu kinachopata maji kwenye mfereji mmoja, kisha hifadhi kama faili la KML, yaani faili la mipaka ya ramani. Andika jina la mfereji, na kama kitalu kiko juu, kati au mkiani. Muhimu kuliko vyote, andika tarehe ya kupandikiza. Bila hiyo, nusu ya unachokiona baadaye utakisoma vibaya.

Hatua ya 2: Tafuta picha. Fungua Copernicus Browser, tovuti ya Ulaya ya picha za setilaiti, jisajili, pakia faili lako, kisha chagua Sentinel-2 L2A, yaani picha za setilaiti za Sentinel-2 zilizokwisha kusafishwa athari za hewa. Setilaiti hizi hupita kila baada ya siku 5 hivi, kati ya saa nne na nusu na saa tano hivi asubuhi. Usitupe picha kwa kuwa imeandikwa mawingu asilimia 60. Asilimia hiyo ni ya kipande kizima cha picha chenye upande wa zaidi ya kilomita 100. Kilimanjaro inaweza kuwa imefunikwa yote huku majaruba yako (vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta) yakiwa peupe kabisa. Ifungue uangalie mwenyewe.

Hatua ya 3: Soma uoto na unyevu. Ni vipimo viwili vinavyokokotolewa kutoka kwenye picha. NDVI inaonyesha wingi wa majani mabichi. NDMI inaonyesha maji yaliyomo kwenye mimea. NDVI ina pikseli (miraba midogo inayounda picha) za mita 10, kwa hiyo jaruba la mita 30 kwa 100 linapata pikseli kama 30, zinatosha. NDMI inategemea mkanda (aina ya mwanga unaopimwa) wenye pikseli za mita 20, na kwenye jaruba hilohilo pikseli nyingi zitachanganya mpunga wako, tuta na shamba la jirani. Kwa unyevu, toa hukumu kwa kitalu kizima. Mtu akikuonyesha NDMI ya jaruba moja dogo, usiitumie kumnyima mkulima zamu yake ya maji.

Hatua ya 4: Linganisha mpunga wa umri mmoja. Mpunga uliopandikizwa juzi husomeka NDVI ya chini sana, kwa sababu setilaiti inaona maji yaliyotuama, na maji humeza mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao NDVI inautegemea. Hapo hakuna kiu. Subiri majani yafunge na kufunika maji, ndipo ulinganishe vitalu vya juu na vya mkiani vilivyopandikizwa wiki moja. NDMI ya mkiani ikishuka picha mbili mfululizo huku ya juu ikibaki palepale, maji hayafiki.

Hatua ya 5: Nenda shambani. Picha haikuambii sababu. Huenda mfereji umejaa tope, lango limevunjika, au mtu ametoboa ukingo usiku. Huenda pia ni ugonjwa au upungufu wa mbolea, na kuongeza maji hakutasaidia. Fuata mfereji kuanzia langoni hadi kitalu chenye shida, chimba kidogo ushike udongo. Kisha chapisha picha uipeleke kwenye kikao cha wamwagiliaji kabla ratiba ya zamu haijapangwa. Wa juu na wa mkiani wote waione.

Masika mawingu yakigoma kuondoka, tumia picha za setilaiti za Sentinel-1. Rada yake hupenya mawingu, na jaruba lililojaa maji huonekana jeusi kabla mpunga haujakua. Inatosha kujua nani ameshapata maji ya kuvuruga udongo kabla ya kupandikiza na nani bado.

Zamu zikishabadilishwa, rudia hatua ya 3 kwa picha ya kwanza safi inayofuata, ukiangalia vitalu vya mkiani kwanza.