Mafuta ya kondoo ya kujipaka: jinsi ya kuyatengeneza nyumbani yasitoe harufu ya nyama

Huku Arusha ikishafika mwezi wa 6 baridi inaanza kuuma na miguu ya watoto inapauka mpaka unaweza ukaandika jina lako kwa kucha, na mafuta ya dukani unampaka mtoto asubuhi ikifika saa nne ngozi imerudi vile vile. Mimi nimerudi kwenye mafuta ya kondoo, yale yale bibi alikuwa anatupaka tukiwa wadogo, ila jamani yale ya bibi yalikuwa na harufu, ukikaa darasani jirani yako anajua leo umepakwa nini. Nimekuja kugundua mafuta yenyewe yana harufu yake kidogo, ila nyingi inaletwa na vinyama, damu na maji yaliyobaki ndani, ukivitoa vyote unabaki na kitu cheupe kisafi. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kusafisha, mengine ni rahisi tu.

Tuanze bucha. Ukienda mwambie akukatie mkia wa kondoo, hawa kondoo wetu wa Kimasai mkia wote ni mafuta. Mafuta ya mkia ni laini, yanayeyuka haraka ukiyashika mkononi, ndo maana ngozi inayapenda. Ukikosa kondoo chukua ya ng'ombe, yale yanayozunguka figo, ni meupe na makavu yanavunjika vunjika, hayana nyama nyingi ila ni magumu zaidi kwa hiyo baadaye utaongeza mafuta ya maji kidogo. Muhimu yawe ya siku hiyo hiyo. Yakishaanza kuwa ya njano na kunuka hata uyachemshe mara kumi hayarudi.

Nyumbani toa kila kinyama chekundu na kila mshipa unaouona, halafu katakata vipande vidogo kama vya kachumbari, au muombe mwenye bucha akusagie kabisa. Kilo moja weka kwenye sufuria, mimina maji yafunike, chumvi kijiko kimoja cha chakula, moto mdogo sana. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanaweka moto mkali ili wamalize haraka, vipande vinakaangika vinakuwa kahawia, na mafuta yakishabeba harufu ya kukaanga ndo basi tena. Acha yachemke taratibu saa mbili mpaka tatu, geuza geuza, maji yakipungua ongeza ya moto. Ukiona vipande vimesinyaa na juu pamejaa mafuta ya kung'aa, epua, chuja kwa chujio halafu chuja tena kwa kitambaa cheupe safi. Angalia watoto wasiwe karibu, mafuta ya moto yanaunguza vibaya sana kuliko maji.

Yaache usiku kucha, weka kwenye friji kama unayo. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama sahani na chini kuna maji machafu ya rangi ya supu. Toa ile sahani, igeuze, chini yake utaona tabaka la kijivu linateleza teleza, likwangue lote kwa kisu. Hilo tabaka ndo linabeba harufu nyingi! Halafu rudia, maji mapya, chumvi kijiko kingine, chemsha taratibu nusu saa, gandisha tena, kwangua. Mimi narudia mara tatu, kigezo changu ni maji ya chini, yakitoka meupe hayana rangi wala vumbi najua yameiva. Yale maji ya mafuta usimwage kwenye sinki, yanagandia kwenye bomba utakuja kumlipa fundi.

Sasa kukausha, hatua ndogo lakini usiiruke. Mafuta yangu ya kwanza kabisa niliyaweka kwenye kopo yakiwa na maji maji kwa chini sikuona, baada ya wiki mbili nafungua nakuta ukungu wa kijani pembeni, nikamwaga lote na niliumia kwa kweli kwa ile kazi niliyofanya. Maji yakibaki ndani vijidudu vinapata pa kuishi. Kwa hiyo yayeyushe tena peke yake bila maji, moto mdogo, utasikia yanatoa sauti chwi chwi na vipovu vidogo vinapanda, hayo ni maji yanatoka. Vipovu vikiisha na sauti ikinyamaza kabisa, epua. Kwenye kilo moja mimi huwa napata kama gramu 700.

Kuchanganya ni hivi. Gramu 300 za mafuta ya kondoo, mililita 100 za mafuta ya maji, ya nazi, ya ufuta au ya mzeituni, yoyote uliyonayo ila yawe safi hayajakaangiwa. Kama upo Dar au Tanga kwenye joto ongeza nta ya nyuki gramu 20, iyeyushe pamoja na mafuta, nta inachelewa kuyeyuka kwa hiyo subiri mpaka usione kipande, ikishaingia krimu haitakuwa maji kwenye kopo. Huku kwenye baridi nta sio lazima. Ukiwa na vidonge vya vitamini E toboa viwili vitatu ukamulie humo, vinasaidia mafuta yasichache mapema.

Ukitaka manukato weka yakishapoa kidogo, mafuta ya mchaichai au lavenda, matone 40 yanatosha kwa kiasi hicho chote, na kama ni ya mtoto mchanga usiweke kitu. Limau usiweke, wala juisi yake wala mafuta yake, ukipaka ukatoka juani ngozi inaweza kuungua ikabaki na mabaka. Karafuu nayo ni kali mno usoni.

Sufuria iweke ndani ya beseni la maji ya baridi, mafuta yakianza kuwa mazito kama uji piga kwa mashine ya kupigia mayai dakika tano hadi kumi, utaona yanavimba yanakuwa meupe laini kama siagi. Ukiyaacha yapoe yenyewe taratibu yanatoa chenga chenga, hayajaharibika, ni kwamba mafuta mengine yanaganda mapema kuliko mengine, yayeyushe upya uyapoze haraka. Weka kwenye kopo la glasi lililokauka kabisa, liandike tarehe, kaa nalo mbali na jua na chota kwa kijiko kikavu, sio vidole vyenye maji. Yangu yanakaa miezi sita vizuri. Siku ukinusa ukasikia harufu ya mafuta yaliyochacha, acha kuyapaka.

Kabla hujajipaka mwili mzima jaribu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani usubiri siku moja. Wenye chunusi usoni muwe makini, ni mazito yanaweza kuziba, nyie pakeni mwilini tu. Na hayang'arishi mtu kuwa mweupe, anayetafuta hilo ataishia kwenye mikorogo na mikorogo inaharibu watu ngozi tunawaona, haya yanafanya ngozi yako iwe ngozi yako.

Paka ukitoka kuoga mwili ukiwa bado na unyevu, maana mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanayazuia yaliyopo yasitoke. Kiasi cha punje ya hindi kinatosha mguu mzima, sugua kwanza viganjani mpaka yayeyuke. Kwa magaga ya miguu loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, sugua na jiwe, paka mengi, vaa soksi ulale nazo, fanya hivyo kila usiku wiki nzima usiruke.