Kampuni ya alarmu Lubumbashi: kutoza, kukusanya deni na kukaa sawa na sheria

Kufunga alarmu kwenye nyumba ya Golf au depo ya Kampemba huchukua siku moja au mbili. Faida haiko hapo, iko kwenye ada ya ufuatiliaji ya kila mwezi, na ada hiyo ndiyo ya kwanza kupotea mteja akianza kusema "upite kesho". Mambo ya feza yamalizwe kabla ukuta haujatobolewa.

Andika mikataba miwili, mmoja wa kufunga na mmoja wa kufuatilia. Kwa kufunga, chukua 60% siku ya kusaini, maana sentrali (sanduku kuu la alarmu), detekteri, betri na king'ora vinanunuliwa kwa pesa taslimu. Chukua 30% kabla ya kuwasha, na 10% mteja akishasaini karatasi ya majaribio. Kwa ufuatiliaji, toza mbele. Miezi mitatu mitatu inafaa maduka na maofisi. Anayeishi kwa mshahara mwachie alipe kila mwezi kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na mkataba useme nani anabeba gharama ya kutoa pesa. Mteja akituma kiasi kilekile cha ada, kile unachokatwa ukitoa pesa kinatoka mfukoni mwako mwaka mzima.

Fakture iwe na nambari inayofuatana, tarehe, nambari ya RCCM (daftari la biashara), Id. Nat. (kitambulisho cha kitaifa cha kampuni), nambari ya kodi, na kipindi kinacholipiwa ("1 Januari hadi 31 Machi", si "ufuatiliaji" tu). Ukitoza kwa dola, andika ni kiwango gani kitatumika mteja akilipa kwa franka: cha Banki Kuu au cha kambiste (mbadilisha pesa), na cha siku ya malipo. Bila mstari huo utabishana kila mwezi. Mkusanyaji naye aangalie kila noti ya dola mbele ya mteja. Yenye mpasuko mdogo tu hukataliwa sokoni, na ikishafika ofisini imekuwa yako.

TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ni 16%, na si kila kampuni inaruhusiwa kuitoza. Inaanzia kwa mwenye mauzo ya franka milioni 80 kwa mwaka. Ukiwa chini ya hapo ukaiandika kwenye fakture, umejitengenezea deni kwa DGI (idara ya kodi). Ukiwa juu, ada ya dola 40 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, ni 120, TVA 19.20, jumla 139.20. Kwa huduma, TVA inadaiwa pesa ikishaingia. Ukipokea zote Januari, unazitangaza zote kufikia tarehe 15 Februari, hata kama kazi ya Machi haijafanyika. Hizo 19.20 ziweke pembeni siku hiyo hiyo.

Sababu ya kawaida ya kukataa kulipa ni "alarmu yenu haikufanya kazi". Mara nyingi chanzo ni umeme au SIM. Betri ya 12 V, 7 Ah, kwenye mfumo unaokula 200 mA, kwa hesabu inabeba saa 35. Ikishazeeka haifikii hata nusu. Delestaji (mgao wa umeme) ya siku mbili inaimaliza. Kwa hiyo andika kwenye mkataba saa unazodhamini, na badilisha betri kabla haijafika miaka minne, kwa bei iliyoandikwa. SIM ya sentrali iwe kwa jina la kampuni, uniti ununue wewe, zionekane kwenye fakture kama mstari wake. Ukimwachia mteja, uniti zitaisha na ishara haitafika. Radi za msimu wa mvua zitenge wazi: kifaa kilichoungua kwa radi hakimo kwenye dhamana.

Mteja asipolipa, tuma ujumbe siku ya 5, barua siku ya 10, simamisha siku ya 15. Hatari kubwa ni kusimamisha kimyakimya: nyumba ina king'ora na kibandiko chako getini, mwenyewe anaamini analindwa, wezi wanaingia, na wewe ndiye unayeshtakiwa. Barua iseme hivi: "Tangu tarehe 16, saa 12 jioni, kituo chetu hakipokei tena ishara kutoka nyumba yako. King'ora kitalia hapo tu. Hakuna atakayepigiwa simu." Pata saini, au picha ya ujumbe uliosomwa. Usiingie kung'oa vifaa kwa nguvu. Kama ni vyako hadi vilipwe, umiliki huo uandikwe kabla au siku ya kuvikabidhi, na usajiliwe kwenye RCCM, la sivyo mdai mwingine hatautambua. Na aliyelipa vyote apewe namba ya siri ya fundi inayofungua mfumo; kumfungia ni ukorofi.

Deni likikwama, huissier (ofisa wa mahakama) apeleke mise en demeure (barua rasmi ya kudai), kisha omba injonction de payer (amri ya kulipa) kwenye Tribunal de commerce (mahakama ya biashara) chini ya sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika. Jaji anatazama mkataba, fakture, karatasi ya majaribio na barua. Deni la kibiashara hufa baada ya miaka mitano, ila usingoje. Hapa watu huhama.

Vibali navyo. Ukituma walinzi alarmu inapolia, hiyo ni kazi ya ulinzi na inahitaji idhini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Walinzi binafsi hawabebi bunduki; silaha ni za polisi. Vifaa vya redio vipitie ARPTC, mamlaka ya mawasiliano. Nunua vya 433 au 868 MHz. Vile vya soko la Marekani vinavyotumia 902 hadi 928 MHz vinaingia kwenye masafa ya simu za GSM 900, na vinasumbua. Kwa kamera, code du numérique (sheria ya mambo ya kidijitali) ya 2023 inagusa picha za watu: elekeza kamera uwanjani, si barabarani. Ukilenga migodi, jiandikishe kwanza ARSP, mamlaka ya sous-traitance (kazi unazopewa na kampuni nyingine). Sheria ya 2017 inaweka kazi za sous-traitance kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, na idara ya manunuzi hudai cheti hicho kabla ya kusoma bei yako.