Lushoto hadi Mtae kwa miguu, peke yako, ukiwa na miaka sitini na zaidi

Kutoka Lushoto hadi Mtae, katika Milima ya Usambara Magharibi, Tanzania, ni kama kilomita 60 ukifuata barabara ya magari. Vijana huenda kwa siku tatu. Wewe uliyestaafu, panga tano. Naipendekeza njia hii kwa anayeanza kwa sababu kila baada ya mwendo fulani unapita kijijini, na penye kijiji pana chai, bodaboda na mtu wa kukuuliza unakokwenda.

Hatua ya 1: Nenda hospitali kabla hujanunua viatu

Pima presha, sukari na moyo, na mweleze daktari kwamba utapanda milima kutwa nzima, tena peke yako. Baadhi ya dawa za presha hukufanya ukojoe sana. Ukichanganya na jasho la mlimani unaweza kupata kizunguzungu. Muulize utumieje dawa siku za safari, usijipangie mwenyewe. Mwenye kisukari abebe glukosi mfukoni, si ndani ya begi, na akague nyayo zake kila jioni kwenye mwanga, kwa sababu lengelenge analoshindwa kulihisi ndilo linalogeuka kidonda.

Hatua ya 2: Jizoeze kuteremka

Wengi hujizoeza kupanda tu. Kupanda kunachosha pumzi, na pumzi hurudi ukisimama. Kuteremka ndiko kunakomaliza magoti na mapaja, na Usambara ni kuteremka bondeni na kupanda tena kila siku. Kwa miezi mitatu tafuta ngazi au kilima karibu na nyumbani, shuka polepole mara tatu kwa wiki, na mwezi wa mwisho beba begi lako lenye uzito wa safari. Kama goti linavimba au kuuma hadi kesho yake, ongeza wiki za mazoezi. Safari itakungoja.

Hatua ya 3: Mzigo

Usizidishe kilo sita au saba, maji yakiwemo. Huhitaji hema wala jiko, maana utalala nyumba za wageni. Sweta nzito ni lazima: Juni hadi Agosti usiku wa Lushoto una baridi ya kweli. Koti la mvua, tochi, dawa za siku mbili zaidi ya ulizopanga, pesa taslimu za noti ndogo, na kanga mbili. Kanga ni taulo, shuka, mto na kilemba cha jua. Sijaona kifaa cha dukani kinachoishinda. (Emma Gatewood wa Marekani aliimaliza Appalachian, njia ndefu ya miguu ya milimani huko kwao, peke yake mwaka 1955, ana miaka 67, na mfuko wa kushona mwenyewe begani.)

Hatua ya 4: Hesabu saa, si kilomita

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: takriban kilomita 5 kwa saa, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ya wenye magoti mapya. Mimi hutumia kilomita 3 kwa saa, na saa moja zaidi kwa kila mita 300 za kupanda. Siku ya kilomita 12 yenye mita 600 za kupanda inakuwa saa sita, na mapumziko saa moja na nusu. Ukitoka saa 12 na nusu asubuhi, saa 8 mchana umefika, ukungu haujakukuta njiani. Epuka masika, Machi hadi Mei. Udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya.

Hatua ya 5: Aga

Kila asubuhi mwambie mwenye nyumba ya wageni unalala wapi leo, na umtumie ujumbe huo huo mtu mmoja wa nyumbani. Mkubaliane saa: asipokusikia hadi saa 12 jioni, anapiga simu ulikotoka. Msitu wa Magamba ni hifadhi iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), unahitaji kibali na kiingilio. Kipande hicho chukua kiongozi wa eneo. Hakikuondolei sifa ya kwenda peke yako.

Njiani utasalimiwa na kila mtu. "Shikamoo bibi." Marahaba. "Bibi, unakwenda wapi na huna mtu wa kukusindikiza?" Usikasirike wala usipite haraka. Jibu, taja kijiji unachoelekea. Ukipotea, watu hao ndio watakaosema walikuona ukielekea upande gani.

Hatua ya 6: Kabla ya kila mteremko mrefu

Kaa chini. Legeza kamba za viatu zote, gonga kisigino chini mara mbili kirudi nyuma kabisa, kisha kaza upya, ukibana zaidi pale mguu unapokunjikia. Vidole havitagonga mbele, na kucha zitapona. Fimbo ya kawaida ifunge vipande vya tyubu ya baiskeli mahali pawili: cha chini ushike ukipanda, cha juu ukiteremka. Tanguliza fimbo, kisha mguu. Hatua ziwe fupi, kama mtu mwenye ndoo ya maji kichwani. Goti likianza kuuma upande mmoja, pumzika nusu saa; likiendelea, ita bodaboda bila aibu.

Hatua ya 7: Mtae

Ukifika, nenda ukingoni wakati jua halijachwa: chini kuna tambarare ya Mkomazi, na ng'ambo yake Kenya. Kisha ulizia basi la kurudi jioni hiyo hiyo, kwa kuwa huondoka alfajiri sana, na uombe kiti cha mbele. Viti vya nyuma vinarusha, na magoti yako yameshafanya kazi ya kutosha.