Kuitafakari kiroho hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Maryknoll katika jumuiya

Tarehe 16 Oktoba 1970, huko Maryknoll, New York, Mwalimu Julius Nyerere aliwahutubia masista wamisionari kuhusu Kanisa na jamii. Wengi huiona kuwa hotuba ya siasa iliyotiwa dini kidogo. Isomeni taratibu: hoja nzima imesimama juu ya Mwanzo 1:27. Ikiwa mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, Mwalimu anakataa kumfikiria Mungu aliye fukara, mjinga, mwenye hofu na aliyeonewa, ilhali ndivyo wanavyoishi wengi walioumbwa kwa sura hiyo.

Msiisome yote kwa kikao kimoja. Chukueni aya mbili tu: hiyo ya sura ya Mungu, na ile isemayo kwamba tatizo la dunia si umaskini wenyewe bali watu kugawanyika kuwa matajiri na maskini. Hotuba ilitolewa kwa Kiingereza, kwa hiyo mmoja aandae tafsiri mapema na kila mtu apate nakala. Kutafsiri papo hapo huvunja utulivu.

Watu 8 hadi 12 wanatosha, kwa saa moja na nusu. Msomaji asome polepole, kisha kimya cha dakika tatu. Mwingine arudie. Kila mmoja ataje maneno yaliyomgusa, bila kuyafafanua. Hapo ndipo someni Luka 16:19-31, mkiangalia jambo moja: tajiri yule hakumpiga Lazaro wala hakumfukuza. Alikuwa akila tu, na Lazaro yuko mlangoni. Kila mmoja ajibu: mlangoni kwangu yuko nani? Ajisemee mwenyewe. Anayeanza na “viongozi wetu siku hizi” arudishwe kwa upole. Wakiwapo majirani Waislamu, Sura Al-Maun ya Kurani, yenye aya saba fupi na inayowakemea wasiohimiza kulisha maskini, inaingia vizuri hapa.

Tafakari nyingi hutekwa na Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya Mwalimu ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Waliohamishwa kwa nguvu miaka ya sabini wana haki ya kusema, na kuwanyamazisha ni dhambi nyingine. Wapangieni jioni yao. Wengine humfanya Mwalimu mtakatifu. Mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa Jimbo la Musoma mwaka 2005, naye ni Mtumishi wa Mungu, yaani yuko hatua ya kwanza tu ya mchakato huo. Ibada ya hadharani kwa heshima yake bado hairuhusiwi.

Kosa gumu zaidi kuligundua ni mchango. Watu wakiguswa hukimbilia kumchangia mjane unga na sabuni. Mpelekeeni, ana njaa leo. Lakini hotuba inataka Kanisa liguse yale yanayomfanya awe maskini, hivyo ulizeni pia: kwa nini hana shamba, na nani analima lile la marehemu mumewe? Kama alinyang'anywa, chagueni watu wawili wa kumsindikiza kwenye baraza la kata, mtaje siku, na wiki ijayo kikao kianze na taarifa yao kabla ya masomo.