Somo: Kimea ni nini, na kinatengenezwaje

Kimea ni nafaka iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa. Usikichanganye na hamira. Hamira hugeuza sukari kuwa pombe, lakini wanga haiuwezi. Punje inapoanza kuota hutoa vimeng'enya vya kuvunja wanga uliomo ndani yake uwe sukari. Sisi tunaukatiza mche njiani na kubaki na vimeng'enya.

1. Chukua ulezi, mtama au shayiri isiyokobolewa. Mbegu za kupandia ziache, nyingi zimepakwa dawa. Pepeta, osha.

2. Loweka saa 12 hadi 24, ukibadilisha maji. Punje zinapumua; maji yakilala zinakufa.

3. Chuja, tandaza tabaka jembamba, funika kwa kitambaa kilicholowa. Hapa ndipo wengi huharibu. Nafaka inayoota hutoa joto, na rundo likiwa nene katikati huvunda. Geuza asubuhi na jioni, nyunyizia maji. Ulezi na mtama, penye nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, huchukua siku 2 hadi 4. Shayiri hutaka ubaridi na siku zaidi. Ukiona ukungu, tupa zote. Kuna ukungu wenye sumu isiyoisha hata kwa kupika.

4. Anika hadi zikauke kabisa, kisha fikicha na kupepeta ili mizizi na machipukizi yatoke. Kwa mtama usiruke hatua hii: machipukizi yake yanaweza kutoa sayanidi.

5. Saga, usilainishe mno. Unga laini sana husumbua kuchuja.

MASWALI

Naweza kukikaanga kikauke upesi?
Utapata rangi na harufu nzuri, ila vimeng'enya vitakufa. Cha kukaanga huchanganywa na kisichokaangwa, ambacho ndicho kinachofanya kazi.

Nilitia kimea kwenye uji, haukuwa mtamu. Kwa nini?
Nadhani ulikitia ukiwa unachemka. Subiri ushuke hadi nyuzi 60 au 65, koroga, funika kwa saa moja hivi. Kikikubali, uji mzito utalegea wenyewe kabla hata hujauonja.

Kwa hiyo kimea chenyewe kinalevya?
Hapana. Ila huo uji mtamu ukiuacha wazi siku mbili tatu, hamira za hewani zitaingia bila kualikwa, na bakteria wa kuchachua nao wasibaki nyuma.