Plasta: Uchanganye Mwenyewe au Ununue ya Mfuko?

Anza na hesabu. Mfuko wa kilo 25 wa plasta iliyochanganywa kiwandani unafunika takriban mita 1 ya mraba kwa unene wa milimita 15. Mfuko wa saruji wa kilo 50 na ndoo 7 za mchanga (za lita 20) unafika mita 8 za mraba kwa unene huo huo. Linganisha bei za duka la vifaa vya mtaani kwako. Nyumba nzima ukiipiga ya mfuko, itakumaliza. Kwa kiraka, au ghorofani Kariakoo ambako hakuna pa kumwaga mchanga, nunua tu ya mfuko.

Ukichanganya mwenyewe, shida huanzia kwenye mchanga. Wa ufukweni usiuguse hata ukiletewa bure: chumvi yake huvuta unyevu, na masika yakiingia ukuta unatoa unga mweupe, rangi inabambuka. Chukua wa mtoni, uchekeche, kisha upime tope. Jaza mchanga hadi nusu ya chupa, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, acha saa tatu. Tope likitanda zaidi ya milimita 8 juu ya sentimita 10 za mchanga, mrudishie dereva. Tope hilo ndilo linalopasua plasta.

Nje: mfuko 1 wa saruji ya 32.5 (daraja la nguvu, limeandikwa kwenye mfuko) kwa ndoo 7 za mchanga za lita 20. Ndani: ndoo 9. Ukipata chokaa ya kujengea, kwa nje ni bora zaidi ndoo 1 ya saruji, 1 ya chokaa, 6 za mchanga, nyufa hupungua. Usipime kwa beleshi: fundi akichoka, beleshi nalo linapungua.

Changanya kavu hadi rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo. Tengeneza ya kumaliza ndani ya saa moja. Iliyoanza kushika ukiirudishia maji, itabanduka.

Lowesha tofali kabla, usubiri ukuta uyanywe maji. Nguzo na linta (boriti za juu ya milango na madirisha) za zege zina uso laini usioshika plasta, hivyo zirushie kwanza saruji 1 kwa mchanga 2, uache siku moja. Zege linapokutana na tofali, pigilia wavu wa kuku, la sivyo ufa utafuata mstari huo huo. Usizidishe milimita 15 kwa mkupuo mmoja.

Kuanzia kesho yake, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Kwa jua la Dar, hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia: fundi kaondoka, hakuna wa kushika ndoo. Plasta ya saruji ya mfuko nayo inataka maji hayo hayo. Ya jipsamu haimwagiliwi, lakini ni ya ndani tu, tena mbali na bafu. Soma mfuko kabla hujalipa.